Fundi Asiyekaa Kitako

Mtaani kwetu Malindi tulikuwa mafundi wa redio wawili. Yeye watu walimwita Fundi. Mimi waliniita Fundi Mwengine. Mgeni akiuliza duka langu alielekezwa hivi: "Nenda mpaka kwa Fundi, halafu tazama ng'ambo ya njia, utamwona mwengine." Nimelibeba jina hilo zaidi ya miaka kumi na sitadanganya kwamba nililizoea.

Sasa amefariki, na watu wananipa pole kana kwamba nimefiwa na ndugu. Nazipokea. Nilikaa matangani siku zote tatu, nikagawa kahawa, nikanyamaza. Nilisikia akisifiwa na watu waliomwona mara moja kwa mwezi, betri zikiisha. Mimi nilimwona kila siku aliyojaalia Mungu, tangu anafungua mlango mpaka anafunga, kwa sababu wivu humfanya mtu atazame. Nikiandika kwa hesabu ya kutazama, hakuna anayenizidi haki ya kuandika habari zake.

Alikuwa mrefu, mwembamba, na ndevu zake akizitia hina. Alivaa kikoi na shati jeupe lenye mfuko, na ndani ya mfuko kulikuwa na kipande cha chaki na bisibisi yangu. Nasema tena, yangu. Aliiazima kwangu siku moja ya mvua, akaniambia ataileta kesho. Baada ya hapo kila nikimwona anaichomoa mfukoni mbele ya wateja, na mpini wake mwekundu naujua, damu hunipanda. Sikumdai. Nilitaka akumbuke mwenyewe.

Dukani kwake hamkuwa na meza ya kazi. Palikuwa na rafu, redio za watu, na birika la kahawa. Mimi nilikuwa na meza, taa ya kuinamisha shingo, na ukutani cheti changu cha masomo ya posta, ndani ya fremu ya kioo. Nilisoma mpaka darasa la saba, kisha nikajisomesha ufundi kwa barua, somo moja baada ya jengine, miaka miwili. Yeye hakuwa na cheti hata cha kuzaliwa. Watu walilipita duka langu, wakakiona cheti changu, wakavuka njia kwenda kwake.

Alikuwa na jambo moja ambalo kila mtu alilijua: hakuwa mtu wa kukaa kitako. Kwake palikuwa na kiti kimoja tu, nacho kilikuwa cha kuwekea birika. Alifanya kazi kwa kusimama, alikula muhogo wake wa kuchoma kwa kusimama, na akija kwangu kuazima kitu au kupiga soga alisimama mlangoni, bega limeegemea fremu. "Karibu, kaa," ningemwambia kwa adabu tu. "Nikikaa nitasikia usingizi," angejibu. Na ni kweli. Taarifa ya habari ilikuwa ikimlaza hata amesimama, kama farasi. Nilimwona kwa macho yangu.

Kitu ambacho hakikumlaza ni matangazo ya vifo. Yakianza, anapunguza maongezi, anainua kidole, watu wote dukani wananyamaza. Walikuwa wakitajwa watu wa Nyeri, wa Kisumu, wa Machakos, watu ambao hangewajua hata akiishi miaka mia, naye kwa kila mmoja atasema taratibu, "Mungu ampe mapumziko mema." Nilidhani ni kujionyesha uchaji. Siku moja nikamuuliza kwa kejeli, "Hao wote ni jamaa zako?"

"Mimi napima redio, fundi mwenzangu," akasema. "Muziki huficha mikwaruzo. Lakini ukilisikia jina la marehemu, na la babake, na la kijiji chake, bila kukisia, basi redio imepona."

Aliniita hivyo peke yake katika mji mzima, fundi mwenzangu, ingawa alinizidi miaka kumi na ushei. Nilikuwa na hakika ananicheka.

Kazi yake nyingi ilikuwa majumbani, na namna alivyoifanya sijaiona kwa mtu mwengine. Mimi redio nililetewa, nikazifungua. Yeye alizifuata zilipo. Lakini nyumba za Shela na za mji wa kale mwanamume wa nje haingii ndani, basi yeye alisimama dakani, kwenye ukumbi mdogo wa mlangoni, uso wake umeelekea barabarani, akawatuma wenyewe waliomo ndani kwa sauti. Masikio yake ndiyo yaliyoingia. Siku moja nilipita njia nikasimama kwenye pembe ya nyumba makusudi, nisikilize.

"Iko wapi, bibi?"

"Iko juu ya meza, nimeifunika kitambaa changu cha kufuma."

"Ifunue. Iwashe. Sasa izungushe polepole kama unavyozungusha chungu jikoni. Polepole, bibi, si kinu hicho."

Mle ndani redio ikakoroma, ikapiga mluzi, ikakoroma, kisha sauti ya mtangazaji ikatoka wazi kama yuko uani.

"Hapo! Usiiguse!"

"Lakini Fundi, imenipa mgongo!"

"Inasema au haisemi?"

"Inasema. Sasa wageni wangu wakija wautazame mgongo wa redio?"

"Wageni wako huja kuitazama ama kuisikiliza?"

"Huja kula, mwanangu."

Akacheka mpaka akakohoa. Kisha akapitisha chaki kupitia tundu la mlango, bibi akachora mstari mezani penye miguu ya redio, isije ikasogezwa na anayepangusa vumbi. Hakuifungua redio. Hakuishika hata kidogo. Akapewa shukrani, na sahani ya mahamri iliyofunikwa, akayala njiani amesimama.

Niliondoka pale nimekasirika kama mtu aliyeibiwa, na ningeombwa nitaje kilichoibwa nisingeweza.

Hayo ya kuzungusha redio yalianza mwaka ule kituo cha utangazaji kilipobadilisha mitambo. Walitangaza wiki nzima kwamba mnara mpya utafungwa mahali pengine na sauti zitakuwa safi zaidi. Siku ilipofika, nusu ya nyumba za Malindi redio zilianza kukoroma. Zinashika asubuhi, adhuhuri zinapotea. Nyumba hii inasikia, ya jirani haisikii. Watu walizipiga makofi, wakazitoa betri wakazianika juani, wakapandisha nyaya juu ya minazi, wagema wakazikata wakienda kugema.

Mimi nilifurahi. Hiyo ndiyo kweli. Nilijua wateja watakuja, na walikuja, hata wale wa kwake, maana alikuwa mmoja na redio zilikuwa nyingi. Nikazifungua zote. Ndani ya redio kuna skrubu ndogo za kurekebishia mawimbi ambazo hazipaswi kuguswa bila kipimo, na kipimo sikuwa nacho. Nilizigeuza kwa kukisia. Mezani kwangu zilisema vizuri. Zikirudi nyumbani, zilikoroma kuliko mwanzo, na baadhi hazikushika tena kituo chochote.

Yeye hakufungua hata moja. Aliuliza tu. Mtu akija na malalamiko alimpokea kwa maswali ambayo yalinichosha hata mimi niliyekuwa ng'ambo: "Iko upande gani wa nyumba? Umeezeka makuti au mabati? Umeihamisha lini? Umenunua cherehani? Kitanda cha chuma kimeletwa?" Alisema redio haijafanya kosa lolote, ni dunia imezungushwa na redio imebaki ilipokuwa.

Na alisema kweli. Ndani ya redio kuna kijiti cheusi kilichozungushiwa waya, nacho ndicho sikio lake. Kijiti hicho husikia ubavuni, hakisikii nchani. Mnara ukihama upande, redio iliyokaa mahali pamoja miaka kumi, uso wake mlangoni kama ilivyo heshima ya nyumba zetu, inakuwa imeuelekezea mnara ncha ya sikio. Igeuze kidogo, au iondoe penye bati na chuma, itasikia. Kwetu nani angefikiri kuigeuza? Redio ilikaa kama mzee wa nyumba, ikawatazama wanaoingia.

Linaloniumiza ni kwamba jambo hilo lilikuwa ndani ya vitabu vyangu vya posta. Somo la tisa, na mchoro wake. Nililijibu kwenye mtihani na nikapata alama zote. Yeye aliligundua kwa kubeba redio yake mwenyewe asubuhi moja, akizunguka nayo uani kama mtu anayembembeleza mtoto.

Nisije nikamfanya malaika. Alikuwa muongo wa mambo madogo. Alimwambia mwalimu mmoja kutoka bara kwamba redio yake haishiki kwa sababu haijazoea joto la pwani, na mwalimu akaipepea. Alikuwa na majivuno na zile ndevu zake. Redio ya nyumbani kwake ilikuwa bubu mara nyingi, mkewe akienda kusikiliza mchezo wa kuigiza kwa majirani, akisema mbele za watu, "Mume wangu ni daktari, lakini kwangu ni jeneza." Naye alicheka tu.

Sasa nifike mahali penyewe.

Mamangu alikuwa na redio aliyoachiwa na baba. Ilipoanza kukoroma niliifungua, nikaigeuza skrubu, nikaiharibu kidogo. Akaniambia, "Mwite Fundi aitazame." Nikamwambia, "Mama, mimi ni nani?"  Mama alikuwa na haja na redio. Mdogo wangu, pekee niliyenaye, alikuwa karani wa pamba upande wa Mto Tana, barua zikichukua wiki mbili, na mama aliamini kwamba akisikiliza matangazo ya vifo kila siku na asisikie jina la mwanawe, basi mwanawe mzima.

Jioni moja nikarudi nyumbani nikaikuta redio inasema wazi, imegeuza ubavu, na mezani pana mstari wa chaki.

"Nani alikuja?"

"Hakuingia," mama akasema. "Alisimama dakani. Mwanangu, sikia inavyosema."

Nilisikia. Ilisema vizuri kuliko ilivyopata kusema mikononi mwangu. Mama alipokwenda kutia udhu, niliigeuza redio uso mlangoni kama ilivyokuwa, nikaufuta mstari kwa kiganja. Ikaanza kukoroma. Nikaizima. Sijapata kumwambia mtu hili, ila mmoja, mpaka ninavyoliandika hapa.

Kesho yake, baada ya adhuhuri, nilikuwa mezani kwangu. Nikamwona anatoka dukani kwake, anavuka njia. Hakuwa na chaki wala bisibisi mkononi kama desturi yake. Nikasema moyoni, anakuja kunicheka.

"Salaam aleikum, fundi mwenzangu."

Nikaitika kwa midomo tu.

"Nipe kiti nikae."

"Viti hivi ni vya wateja."

"Basi kaa wewe kwanza."

"Kama ni habari ya redio ya mamangu," nikamwambia, "ya nyumbani kwangu niachie mwenyewe."

 "Sikuja kwa redio."

"Basi hujaja kwa lolote."

Nikaitoa baiskeli yangu nje, nikafunga duka mbele ya uso wake. Nilipokuwa napanda alisema, "Yakhe, ngoja. Ngoja kidogo, bwana." Hakupiga kelele. Kwetu mtu hapigiwi kelele za msiba akiwa amekupa mgongo, katikati ya njia. Mimi sikungoja. Nikaendesha mpaka Mambrui kwa mteja ambaye hakuniita, nikamsafishia redio ambayo haikuwa na ubovu.

Miaka yote ile hajapata kuniomba kiti. Mwanamume anayekula kwa kusimama ameniomba kiti, kisha ameniambia nikae mimi, na sikujiuliza kwa nini.

Niliporudi jua lilikuwa limeinama. Mlango wetu umefungwa. Jirani yetu mzee alikuwa barazani kwake, akainuka aliponiona.

"Ulikuwa wapi wewe? Mamako amekwenda na Fundi. Wamekutafuta mji mzima."

"Amekwenda naye wapi?"

"Njoo," akasema. "Kaa kwanza."

Aliposema kaa, ndipo nikafahamu yote, kabla hajataja jina.

Mdogo wangu alishikwa na homa siku tatu. Wenzake wa kazini walipeleka tangazo redioni. Fundi, akiinua kidole kama kawaida yake, akasikia jina la marehemu, na la babake, na la mji wake. Aliponikosa alikwenda kwa mama, akamwambia kutokea dakani, na kwa kuwa gari la mwisho lilikuwa linaondoka na mwanamke mtu mzima hawezi kwenda msibani safari ile peke yake, akafunga duka akapanda naye. Alikwenda na kikoi alichovaa.

Nilipata gari alfajiri. Nilipofika, watu walikuwa wanatoka makaburini. Alikuja mbele yao, matope meusi ya mtoni yamemfika magotini, na nikaelewa kwamba ameingia kaburini. Aliingia yeye kwa kuwa ndugu hakuwepo. Mama alipenda kunihadithia, na alihadithia mpaka akafa, kwamba, "Fundi ndiye aliyempokea mwanangu kichwa." Alinihadithia akidhani ananiliwaza.

Nimemwonea mtu yule wivu kwa wateja, kwa ndevu, kwa kicheko cha mabibi wa Shela. Huo wote ulikuwa wivu wa kitoto. Hakuna kilichonila kama kichwa cha mdogo wangu mikononi mwake.

Wala hakusema. Mama alipomuuliza kama alinikuta dukani, alimjibu, "Sikumkuta, alikuwa amekwenda kazini." Niliushika uongo huo nikaishi nao. Tuliporudi, wiki hiyohiyo, mama alimtoa paka wake akampa mtu wa Ngomeni, paka aliyemlea miaka sita, na sikujua kwa nini. Mimi na Fundi tukaendelea kutazamana ng'ambo kwa ng'ambo. Kila asubuhi: "Sabalkheri, fundi mwenzangu." Kila asubuhi mimi: "Sabalkheri." 

Miaka ikapita hivyo. Mama akafariki. Yeye akashikwa na kifua, akaanza kufungua duka saa nne, kisha saa tano, kisha siku nyengine hafungui.

Kabla ya mvua za mwaka huu alikuja kwangu. Alivuka njia kwa bakora, polepole, kwapani amebeba redio imefungwa ndani ya leso ya mkewe. Nilisimama. Aliweka redio mezani kwangu, chini ya cheti.

"Nipe kiti nikae," akasema.

 Nikamsogezea kiti, nami nikakaa upesi, nikamuuliza, "Nani?"

Hakunielewa, kisha akanielewa, akacheka kile kicheko cha kukohoa. "Hakuna mtu. Miguu tu."

Alikaa. Nilikuwa sijapata kumwona amekaa. Magoti yake yalikuja juu kama ya panzi, na alionekana mdogo.

"Hii haisemi," akasema, akiigusa redio. "Mke wangu amechoka kwenda kwa watu. Masikio yangu nayo yamekwisha. Itazame wewe."

Nilinyoosha mkono kuchukua bisibisi, nikauacha. "Umeihamisha lini?" nikamuuliza.

Akatabasamu, akaangalia chini.

"Umeezeka mabati?"

"Vijana wameezeka mabati. Mwezi uliopita."

"Iweke dirishani, upande wa uani. Igeuze ubavu. Ikisema, mwambie mkeo apige mstari."

"Ahsante, fundi mwenzangu." Akaanza kuifunga ile leso, na vidole vyake havikutii. Nikamfungia. Nilikuwa nimeinama, sioni uso wake, na labda ndiyo sababu niliweza.

"Mdogo wangu alikuwaje?"

 "Mzuri. Homa haikumkondesha. Alikuwa na kovu hapa," akagusa juu ya jicho.

"Mimi ndiye niliyemtia kovu hilo. Kwa manati."

"Udongo wa kule si mchanga kama wetu. Mweusi, unanata. Ukiutupa unatua mzito."

Nikamwambia nilichokifanya. Redio, mstari, kiganja.

"Najua," akasema. "Siku ile ya msiba mamako alinambia kutoka ndani kwamba redio imegeuka yenyewe. Nikamwambia ni paka."

 Paka yule alikuwa wa rangi ya majivu, mpole, hakupata kupanda juu ya meza maishani mwake.

"Na kingine nikwambie," akasema, "maana sijui kama nitavuka njia hii tena. Watu wakitupa udongo kaburini hutupa mateko matatu. Mimi nilitupa sita. Mwalimu wa kule akanitazama, akadhani sijui dini. Matatu yalikuwa yangu. Matatu nilitupa kwa jina lako."

Ningependa kuandika kwamba wivu uliniisha palepale. Haukuisha. Nilimwonea wivu hata kwa hilo, kwamba amesimama kaburini kwa mtu asiye wake, na kwa niaba ya mtu aliyemfungia mlango usoni, na bado akajua la kufanya. Mimi nisingejua. Nilikuwa nikilitazama jambo hilo ng'ambo ya njia miaka yote nikidhani natazama ufundi wa redio.

Akashika bakora, akajikaza kuinuka. Mfukoni mwa shati niliuona ule mpini mwekundu. Naye akaniona nikiutazama.

"Hii nitakuletea kesho," akasema.

Nikamshika bega. "Kaa kidogo, fundi mwenzangu," nikamwambia.

Akakaa.